Kuacha nyama na saratani ya utumbo mpana

Dada, umeuliza kama mumeo akiacha nyama kabisa atakuwa salama, maana baba yake aliugua saratani ya utumbo mpana. Salama kabisa, hapana. Hatari kupungua, huenda.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Wasabato wa Marekani na Kanada, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Loma Linda na kutolewa 2015. Katika watu zaidi ya 77,000, wasiokula nyama walipata saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa kwa asilimia 22 pungufu kuliko walaji nyama. Na walioongoza ni wala samaki wasiogusa nyama nyingine: asilimia 43 pungufu. Sisi wa dagaa na changu hapo tunatabasamu! Ila utafiti wa Uingereza wa 2009 haukuona nafuu hiyo kwa wala mboga, kwa hiyo msiape.

Kisicho na ubishi sana ni soseji na nyama za kopo: gramu 50 kila siku, yaani kama soseji moja, huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Aanzie hapo. Halafu dona badala ya sembe, na maharage, kwa ajili ya nyuzinyuzi. Chipsi na soda navyo havina nyama, lakini havimsaidii.

Kwa kuwa baba yake aliugua, amuulize daktari lini aanze kupimwa kwa kamera. Akiona damu chooni asingoje, hata kama anakula mchicha tu.