Daftari la majina: ninavyoiandaa wiki ya shule yetu

Nina miaka 16 nikifundisha katika shule ya msingi ya Kikatoliki, na kwa miaka 11 kati ya hiyo nimekuwa nikiratibu Misa ya Ijumaa na kuandika barua ya wiki ambayo watoto huipeleka nyumbani mchana. Walimu wageni na wazazi wanaoingia kwenye kamati huniuliza swali lile lile: tufanye nini ili shule yetu iwe jumuiya kweli? Wengi wanatarajia niwasimulie sikukuu ya somo wa shule (mtakatifu msimamizi wake), au Komunyo ya Kwanza, au mahafali. Siku hizo ni nzuri, nazipenda, lakini kwa mwaka mzima zinahesabika kwa vidole. Wiki za kawaida ndizo nyingi. Kwa hiyo mimi huwajibu: nunua daftari.

Naeleza lilikotoka. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii, mama mmoja alinisubiri getini baada ya masomo. Mkononi alikuwa na barua ya Ijumaa iliyopita, imekunjwa mara nne. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu yuko darasa la sita. Barua hizi nazisoma zote, na jina lake sijaliona hata mara moja. Kuna tatizo lolote naye?" Nikamjibu kwamba hakuna tatizo, ni mtoto mzuri. Nilipofika ofisini nikavuta faili la barua za mwaka ule nikaanza kuhesabu. Majina yaliyokuwa yakijirudia yalikuwa tisa. Wasomaji wa masomo walikuwa hao, waimbaji wa zaburi hao, wabeba vipaji, yaani mkate na divai, hao. Sikuwa nimempendelea mtu kwa makusudi. Kila Alhamisi nilikuwa nachoka, na mtu aliyechoka humwita mtoto anayejua kwamba hataharibu. Nilikaa pale hadi giza likaingia, na nilijisikia vibaya sana.

Daftari langu lina majina ya watoto wote, darasa kwa darasa, na mbele ya kila jina kuna mistari ya wiki za muhula. Mtoto akifanya jambo lolote kwa ajili ya wenzake, naandika tarehe na neno moja: *alisoma*, *alipamba*, *aliongoza rozari*, *alimtembelea mgonjwa*. Jumatatu asubuhi, kabla sijapanga chochote, natafuta mstari ulio mtupu kuliko yote. Huyo ndiye wa kwanza kupewa kazi ya wiki hiyo. Wengine wanafuata.

Usidhani kazi zitaisha. Kuna mwongozo wa Kanisa kuhusu Misa za watoto, uliotolewa na Roma mwaka 1973, nao unataja majukumu ambayo watoto wenyewe wanaweza kuyachukua: kuandaa mahali na altare, kuimba, kupiga ala, kusoma, kujibu padre anapowauliza jambo katika mahubiri, kutaja nia za sala ya waamini, kuleta vipaji. Ukihesabu nafasi hizo, kisha ukaongeza za nje ya Misa, unapata zaidi ya 20 kwa wiki moja. Tatizo halijawahi kuwa uhaba wa kazi, ila ni macho yetu kuzoea kuwaona wale wale.

Mwongozo huo una jambo jingine ambalo walimu wengi hawalijui. Unasema Misa za siku za juma pamoja na watoto huzaa matunda zaidi zisipokuwa za kila siku, kwa sababu mtoto hachoki na maandalizi yanapata nafasi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo watoto wadogo walipelekwa Misa kila asubuhi, na nakumbuka vichwa vilivyokuwa vinaanguka usingizini kabla ya Injili. Misa moja kwa wiki, iliyoandaliwa vizuri, inatosha shule ya msingi. Pia, masomo yakiwa magumu kwa umri wao, inaruhusiwa kusoma moja badala ya mawili au matatu, mradi Injili isiachwe kamwe. Zungumza na paroko mapema. Mimi humpelekea padre orodha ya masomo, nyimbo na majina ya wahudumu Jumatano, nikimweleza kwa sentensi moja jambo linalowagusa watoto wiki hiyo: mwenzao amefiwa, kuna ugomvi darasa la tano, mitihani imekaribia. Padre aliyepata taarifa hizo huhubiri kwa namna nyingine kabisa.

Jumatatu yenyewe ni fupi. Mstarini mwalimu wa zamu anasoma mstari mmoja wa Injili ya Jumapili na kumtaja mtakatifu wa wiki. Ikiwa ni mtakatifu wa watoto na walimu, kama Yohane Bosco tarehe 31 Januari au Yohane Baptista wa La Salle tarehe 7 Aprili, mtoto mmoja anasimulia maisha yake kwa maneno yake. Dakika tano zinatosha. Jumanne ni siku ya Utoto Mtakatifu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na askofu Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, aliyewaomba watoto sala fupi ya kila siku na sarafu ndogo ya kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Naomba sana walimu msiligeuze kuwa mashindano ya darasa lipi limetoa zaidi. Sarafu inaingia katika kisanduku kilichofungwa kilicho mezani, basi, na anayekuja na sala tu aipite meza ile bila kuinamisha kichwa.

Niseme kuhusu kengele. Mtoto wa yule mama aliyenisubiri getini hakutaka kusoma mbele ya watu. Nilimjaribu mara mbili, sauti ikakatika. Nikamwuliza angependa kufanya nini, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kengele." Alimaanisha ya saa sita mchana, ya sala ya Malaika wa Bwana. Wakati ule alikuwa akiigonga mlinzi, kwa jinsi alivyojisikia siku hiyo. Nikamfundisha mpangilio wake: mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kimya, halafu tisa mfululizo. Wiki ya kwanza nilisimama nyuma ya nguzo nikimtazama. Alishika kamba kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikihesabu bila sauti. Kati ya matatu na matatu alisubiri mpaka madarasa yote yamemaliza Salamu Maria. Alikuwa akiyasikiliza, na mlango wa darasa la kwanza ndio uliokuwa wa mwisho kila siku, akaungoja. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuungoja ule mlango. Ndani ya mwezi mmoja shule nzima ilikuwa ikisali kwa pamoja saa sita, jambo ambalo matangazo yangu ya miaka miwili hayakulifanikisha.

Jumatano ni mafundisho, na hapa nina neno kwa wazazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika tamko lake kuhusu malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katekista ana saa moja kwa wiki. Nyumba ina zote zilizobaki. Mtoto anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, kwa kawaida akiwa na miaka saba au zaidi, hahitaji uwe mwalimu wa dini. Mwulize tu jioni ile ile, "Leo mmejifunza nini?" na umsikilize mpaka mwisho huku simu iko mbali. Watoto wanaoulizwa nyumbani nawatambua Alhamisi. Wanasoma kama watu wanaolijua neno wanalolisoma.

Alhamisi ndiyo siku yangu ninayoipenda zaidi, nayo ni ya mazoezi. Msomaji nampa somo lake Jumatatu, alibebe nyumbani. Alhamisi tunakwenda kanisani penyewe, kwenye mimbari yenyewe, kwa sababu sauti ya mtoto ndani ya darasa na ndani ya kanisa ni vitu viwili. Kwanza nakaa benchi la mwisho kabisa. Namwambia, "Nisomee mimi, niko huku nyuma, nina usikivu hafifu." Mtoto akiinua kichwa kunitafuta, sauti inainuka pamoja nacho. Pili, tunazoea kimya. Akishasema "Somo katika Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho," anapumua mara moja kabla ya kuanza. Akimaliza, anapumua tena kabla ya "Neno la Bwana." Pumzi hizo mbili zinabadilisha usomaji wote. Tatu, kigoda cha wafupi kiwepo tangu siku ya mazoezi, kiwe imara, na mtoto apande na kushuka mara kadhaa mpaka miguu ikizoee.

Kuna msichana wa darasa la tatu aliyekuwa na kigugumizi, naye aliomba kusoma. Alisema mwenyewe, "Nataka." Nilisita, kisha nikakumbuka daftari. Tulichagua somo la sentensi nne tukalisoma pamoja kwa wiki tatu, yeye na mimi, sauti moja, nikipunguza yangu polepole. Ijumaa yake ilipofika, alikwama kwenye neno la pili. Kanisa zima likanyamaza. Nilisimama pale pembeni nikiwa tayari kumsaidia, lakini macho yake yaliniambia nisiende. Akapumua kama tulivyozoea, akaanza upya, akasoma hadi mwisho. Aliposema "Neno la Bwana," darasa la saba, wakubwa wale ambao huitikia kwa kunong'ona, waliitikia "Tumshukuru Mungu" kwa sauti iliyoijaza dari. Hakuna aliyewaagiza.

Kuhusu watoto wasio Wakatoliki, nao ni wengi katika shule zetu, msiwaache wakae tu benchini kama wageni. Komunyo ina utaratibu wake na hatuuchezei, ila mtoto huyo anaweza kuimba, kupamba, kubuni nia ya sala, kupokea wageni mlangoni. Wazazi wake waulizwe mapema wanaridhia nini, na jibu lao liheshimiwe bila kunong'onwa. Pale paroko anaporuhusu, anakuja mbele mikono imekunjwa kifuani, anapewa baraka. Muelezeni siku moja kabla, asije akajikuta amesimama mbele ya padre bila kujua afanye nini.

Jingine ambalo siwezi kuliruka: mtu mzima na mtoto wasiwe peke yao chumba kilichofungwa, iwe sakristia, iwe chumba cha kwaya, iwe ofisi. Mazoezi yangu yote yana watu wazima wawili au mlango wazi. Kitubio kifanyike mahali ambapo wengine wanaona ingawa hawasikii. Shule inayoona aibu kulisema hili waziwazi, mzazi, uliza maswali.

Barua ya Ijumaa naiandika baada ya Misa, nikiwa bado na sauti za watoto masikioni. Haizidi kurasa mbili. Inaanza na yaliyotokea wiki hii, na nani aliyafanya, kisha ndipo matangazo. Zamani nilianza na ada na sare, na wazazi waliniambia hawakuwa wakifika ukurasa wa pili. Naandika mambo madogo kwa ukamilifu: nani alipanda maua pembeni ya sanamu ya Bikira Maria, darasa gani liliongoza kumi lipi la rozari mwezi wa Oktoba, nani alirudi baada ya kuugua. Aliyefiwa natangaza na kuomba sala, lakini kwanza naipigia simu familia. Niliwahi kuandika habari ya msiba ambao ndugu wengine wa marehemu walikuwa hawajaambiwa, nao wakaisoma kwenye barua ya shule. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwao, na tangu siku hiyo sijaandika msiba bila idhini. Vivyo hivyo majina na picha za watoto: mzazi atie sahihi mwanzoni mwa mwaka, na asiyekubali mwanawe atajwe, naandika "mwanafunzi wa darasa la nne," na mtoto mwenyewe anajua ni yeye. Majina ya wanaodaiwa hayana nafasi humo, hata kama mhasibu ataomba.

Wazazi wanaotaka kusaidia huja na moyo mkubwa mwezi wa kwanza, kisha wanatoweka. Nawashauri mchague jambo moja tu na siku moja tu. Baba mmoja huja Alhamisi kupanga viti na kukagua spika, dakika 40, anarudi kazini. Amefanya hivyo kwa miaka sita sasa. Watoto wanamjua kwa jina, naye anawajua, na wawili kati yao alikuwa wa kwanza kugundua kwamba hawaoni vizuri, kwa sababu walikuwa wakisogeza kitabu cha nyimbo karibu na pua.

Wiki hii mstari mtupu ni wa msichana wa darasa la nne aliyehamia kwetu muhula huu. Hapendi kusoma mbele, kwaya hataki, kengele imeshapata mwenyewe. Ila jana, wenzake walipokuwa wakikimbilia mapumziko, nilimwona amebaki nyuma, anakikunja kitambaa cha meza ya Utoto Mtakatifu pembe kwa pembe, akakinyoosha kwa kiganja, akakikunja tena kwa sababu mkunjo wa kwanza ulipinda. Kesho asubuhi nitazungumza na mama yake, halafu na sista wa sakristia kuhusu nguo za altare.