Siku Tisa: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Ochieng,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama ni haki mkeo Akinyi kukubali mtoto atolewe maji ya mgongo huko Nakuru kabla hajakupata wewe Mombasa. Unasema mtoto ni wa baba.

Unajua uliugua saratani ya taya. Habari ya siku tisa sijawahi kukupa.

Ilikuwa 2001, una miaka sita. Gego lililegea, shavu likavimba. Nyanya yako akasema ni jino tu, tukaenda likang'olewa. Shavu halikusikia. Daktari mmoja akakumulika mdomoni kwa tochi, akaniambia nikupeleke Kisumu siku hiyo hiyo. Nikamjibu, kwa adabu zote za mke wa watu, kwamba namngoja mwenye mtoto. Baba yako alikuwa na lori njia ya Kampala, na simu ya mkononi nani alikuwa nayo Ahero wakati huo?

Nilingoja. Kila asubuhi nilikupima shavu kwa kiganja. Siku ya kwanza lilijaa kiganjani. Siku ya sita lilipita vidole. Siku ya tisa jicho lako la kushoto lilikuwa limesukumwa juu, uji unatoka kando ya mdomo. Nikakubeba mgongoni kama mtoto mchanga, nikapanda matatu.

Pale Russia, ile hospitali kubwa ya Kisumu waliyotujengea Wasovieti, daktari alinieleza taratibu. Ni uvimbe wa Burkitt, jina la daktari mpasuaji aliyeuandika akiwa Kampala mwaka 1958. Huwapata sana watoto wa kwetu huku ziwani, kwenye malaria nyingi. Huisikia dawa vizuri, akasema, lakini wenyewe hukua mbio: kwa siku moja au mbili unaweza kuwa mara mbili. Yeye aliendelea kuzungumza. Mimi nilikuwa nahesabu vidole chini ya leso.

Akaniwekea karatasi ya ridhaa. Nikauliza, na baba yake? Akasema sahihi yangu yatosha. Kalamu iligoma, jina langu la kwanza pale ni mikwaruzo mitupu, ikabidi niandike tena juu yake. Usidhani nilikuwa jasiri. Ungekufa, mwanangu, ndugu za baba yako wangesema yule Mluhya alimuua mtoto wetu kwa sumu ya hospitali, nami ningerudi Mumias na sanduku langu.

Wakakutundikia dawa na maji mengi, maana uvimbe ukiyeyuka haraka taka zake huelemea figo. Kazi yangu ilikuwa kukinga mkojo wako kwenye jagi na kumsomea nesi kipimo, usiku na mchana. Nywele zilibaki kwenye mto. Lakini kabla wiki haijaisha jicho lilikuwa limerudi mahali pake.

Baba yako alifika siku ya kumi na mbili tangu ile ya tochi. Akauliza nani alitia sahihi. Nikasema mimi. Akatoka nje kimya, akarudi na Fanta, ambayo hukuweza kuinywa kwa vidonda vya mdomo. Akainywa yeye. Hatukulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa hiyo sindano ya kutoa maji ya mgongo unayoiogopa. Najua wanavyosema mtaani, kwamba inalemaza, inaua. Hutolewa watoto ambao tayari wamezidiwa, na wengine hufa kwa ugonjwa uliowaleta, lawama ikaishia kwenye sindano. Huchomwa chini mgongoni, pale uti wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo umeshaisha. Maji yale ndiyo humwonyesha daktari kama ni homa ya uti wa mgongo, na ni mdudu gani, ajue dawa gani na kwa siku ngapi. Mtoto alikuwa anatetemeka degedege. Akinyi alikupigia mara nne, simu imezimwa. Unataka angengoja ngapi? Mimi nilingoja tisa, na mkwe wangu ana akili kunishinda.

Haki ya baba siikatai. Ungekuwapo, mngeshauriana. Hukuwapo, na hilo si kosa lako wala lake.

Amelala usiku wa pili kwenye kiti cha plastiki. Mtumie pesa ya chai na ya kuchaji simu. Ukimpigia, muulize kwanza kama mtoto ameanza kunyonya. Ya karatasi usiyataje leo.

Mama yako.