Kabla Hujasema Kijana Huyu Hana Faida kwa Timu

Kila msimu wa kikapu una ubishani wake, na mmoja haukosekani kamwe, iwe mnazungumzia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, au timu ya vijana ya mtaani kwenu. Kijana hafungi pointi nyingi, jina lake halitajwi, lakini kocha anampanga mechi baada ya mechi. Kundi moja la mashabiki linataka akae benchi, jingine linaapa kwamba bila yeye timu inayumba. Mimi hufundisha vijana hapa Dar, na swali hili nimeulizwa na wazazi, na wachezaji, na makocha wenzangu. Nataka niwaeleze ninavyolipima, na mfano wangu mkubwa utakuwa Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi kule Kongo, mji ambao Kiswahili ndicho watu wanachoongea sokoni na viwanjani.

Biyombo alichaguliwa wa 7 kwenye drafti ya mwaka 2011, yaani zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Miezi michache kabla ya hapo, kwenye mechi ya vijana ya Hoop Summit kule Portland, alikuwa amefunga pointi 12, akadaka ribaundi 11 (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) na kuzuia mitupo 10. Wengi walipoona hivyo wakaamua wamepata nyota. Akatua Charlotte, timu ambayo msimu wake wa kwanza ilishinda mechi 7 na kupoteza 59. Alikaa hapo miaka minne, na mwaka 2015 Charlotte wakamwachia aondoke. Toronto Raptors wakamchukua kwa mshahara usiofika dola milioni 3 kwa msimu, ambazo kwa ligi ile ni pesa ndogo. Hakuwa hata ametimiza miaka 23.

Msimu ule wa 2015-16 wastani wake ulikuwa pointi 5.5 na ribaundi 8 kwa dakika 22 hivi za kucheza. Senta wa kuanza, yaani mchezaji wa kati, alikuwa Jonas Valančiūnas, mrefu mwenye mikono laini na anayejua kufunga chini ya ringi. Biyombo alitoka benchi. Ukimpa mtu namba hizo tupu bila jina, atakwambia huyu ni wa kujaza nafasi.

Kisha ikaja mitoano. Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu kwenye raundi ya pili dhidi ya Miami, na kazi yote ya kati ikamwangukia Biyombo. Mechi ya 7 ya raundi hiyo alifunga pointi 17 na kudaka ribaundi 16. Toronto wakaingia fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, wakapigwa mechi ya kwanza kwa tofauti ya pointi 31 na ya pili kwa 19. Cleveland walikuwa hawajapoteza hata mechi moja kwenye mitoano ile. Mechi ya tatu, Toronto, tarehe 21 Mei 2016: Raptors 99, Cleveland 84. DeMar DeRozan alifunga pointi 32, na vichwa vya habari vingeweza kuishia hapo. Biyombo alifunga 7 tu. Lakini alidaka ribaundi 26, ambazo klabu ile haikuwahi kuziona kwenye mitoano, na akazuia mitupo 4.

Ribaundi 26 maana yake ni nini kwa watu wanne waliobaki? Mara nyingi Cleveland walipokosa mtupo, hawakupata nafasi ya pili. DeRozan na Kyle Lowry hawakulazimika kurudi kupigania mipira chini ya ringi na wanaume wazito, wakabaki na nguvu za kushambulia. Na walinzi wa Toronto waliweza kumbana mwenye mpira kwa karibu bila woga, kwa sababu wakipitwa, nyuma yao yupo mtu. Hapa ndipo ninapoanzia mimi. Nikimpima mchezaji wa aina hii swali langu la kwanza ni wale wengine wanne wanacheza vipi akiwa ndani. Alichofanya yeye mwenyewe nakiangalia baadaye.

Niliwahi kuwa na kijana mwembamba asiye hodari wa kufunga, ambaye nilimpanga kila mechi. Baba yake alinifuata siku moja akiwa amekasirika kidogo, ingawa kwa heshima. Akaniambia, "Kocha, mwanangu unamtumia kama kibarua. Wenzake wanafunga, yeye anasukumana tu. Atajulikana lini?" Nilimwomba akae karibu na benchi robo ya tatu nzima, na aniahidi jambo moja: asiangalie mpira, amwangalie mwanawe peke yake.

Alichokiona ni hiki. Senta wa wapinzani alikuwa mkubwa kuliko kijana wetu, na alitaka kupokea mpira karibu na ringi, mgongo wake ukiwa kwa mlinzi. Kila aliposogea, yule mtoto alikuwa tayari amefika pale alipotaka kusimama, magoti yamekunjwa, kifua kimemgusa mgongoni, mkono mmoja uko mbele ya njia ya pasi. Senta akawa anapokea mpira hatua mbili nje ya pale anapopenda, na kutoka kule mitupo yake ilikuwa dhaifu. Mpira ulipopigwa, wachezaji wengine wote walikodolea ringi. Kijana wetu hakuangalia juu kwanza. Aligeuka, akamtafuta yule senta kwa makalio na mgongo, akamziba, akashikilia hapo hapo. Mpira ukadunda kwenye ringi ukaangukia mikononi mwa mchezesha timu wetu, mfupi kuliko wote uwanjani, ambaye hakuruka hata kidogo. Kwenye karatasi ya takwimu ribaundi ile iliandikwa jina la mchezesha timu. Baba yake alinyamaza muda, halafu akauliza, "Hiyo haiandikwi popote?"

Nikamwonyesha daftari langu, maana mimi naiandika. Na hapa ndipo ushauri wangu kwa makocha wa vijana na kwa yeyote anayetaka kubishana kwa haki: andika vitu ambavyo karatasi ya kawaida haina. Aliziba mtu mara ngapi mpira ulipopigwa. Skrini zake, yaani kusimama njiani kumzuia mlinzi wa mwenzake, zilimfungulia mwenzake nafasi ya kupiga, au alisimama tu kutimiza wajibu. Alipaza sauti kuwaonya wenzake nyuma au alikaa kimya. Aligusa mipira mingapi ya pasi hata kama hakuiiba. Huhitaji kompyuta. Unahitaji mtu mmoja mwenye kalamu, na nidhamu ya kutofuata mpira kwa macho, ambayo ndiyo ngumu kuliko yote.

Andika pia matokeo yalivyokuwa alipoingia na yalivyokuwa alipotoka. NBA wanaitoa namba hiyo kwa kila mchezaji kila mechi, na mashabiki wanaipenda sana, lakini itumieni kwa uangalifu. Mchezaji anayeingia siku zote pamoja na nyota wenu ataonekana mzuri hata akilala. Anayeingia na kikosi cha pili dhidi ya kikosi cha kwanza cha wapinzani ataonekana mbovu hata akicheza vizuri. Mechi moja haisemi kitu, mechi tano bado. Subiri mechi za kutosha zirundikane, na kila mara angalia alikuwa na nani uwanjani.

Sasa niwape haki wale wa upande wa pili, kwa sababu hoja yao si ya kijinga. Mchezaji asiyeweza kufunga ana gharama, na gharama hiyo wanaoilipa ni wenzake. Biyombo alikuwa na mikono migumu, pasi za haraka zilimponyoka, na kwenye mitupo huru hakuaminika, hivyo wapinzani waliweza kumchezea faulo makusudi. Mbaya zaidi ni pale wapinzani wanapoamua kutomlinda kabisa. Mlinzi wake anamwacha, anakwenda kumbana nyota wenu, na ghafla nyota anacheza dhidi ya watu wawili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Luguentz Dort. Kijana wa Montreal, wazazi wake wametoka Haiti, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2019, Oklahoma City Thunder wakampa mkataba mdogo. Mitoano ya 2020 walikutana na Houston, na Dort akapewa kazi ya kumlinda James Harden. Alimlinda kwelikweli. Lakini Houston walimwacha huru nje ya mstari wa pointi tatu, wakamwambia kwa vitendo: piga wewe. Mechi ya 5 alipiga mitupo 9 ya pointi tatu na haikuingia hata mmoja, Thunder wakapigwa 114 kwa 80. Ubishani ukawaka: kumlinda Harden kunafaa nini kama timu yako haifungi? Mechi ya 7 yule yule Dort akafunga pointi 30, mitupo yake sita ikiwa ya pointi tatu, huku Harden akiingiza mitupo 4 tu kati ya 15. Thunder walipoteza kwa pointi 2, na mtupo wa Dort wa sekunde za mwisho ulizuiwa na Harden mwenyewe.

Nani alikuwa sahihi? Mimi nasema waliomtetea, lakini si kwa sababu ya zile pointi 30. Usiku mmoja mzuri hauthibitishi kitu, kama ambavyo usiku mmoja mbaya hauthibitishi. Walikuwa sahihi kwa sababu alikuwa na miaka 21, na kazi ngumu, ya kumkaba mfungaji bora wa ligi mbele na nyuma bila kuchoka, tayari aliiweza. Ile nyingine, ya kupiga akiwa huru, inafundishika. Msimu wake wa kwanza alikuwa akiingiza chini kidogo ya asilimia 30 ya mitupo ya pointi tatu. Msimu wa 2024-25 alivuka asilimia 41, akachaguliwa kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa NBA, na Thunder wakatwaa ubingwa. Lakini angalia hakuombwa awe mtu mwingine. Aliongeza kitu kimoja juu ya kile alichokuwa nacho.

Ninyi wazazi na makocha, hili nawaomba kwa moyo wangu wote. Kijana mwenye uwezo wa kukaba msimlazimishe apige chenga, abebe mpira, afunge kwa mkono wa kulia na wa kushoto, vyote ndani ya msimu mmoja. Mchagulieni kitu kimoja ambacho kitawazuia wapinzani kumwacha huru. Kwa mrefu, pengine ni kudaka mpira akiwa anakimbia kuelekea ringi na kumaliza bila kudunda. Kwa mfupi, ni mtupo wa kona. Afanye hicho kila siku mpaka kikae. Nimeona vijana wazuri wakipotea kwa sababu kila mtu aliyewapenda aliwataka wawe nyota.

Na sisi Watanzania tunalijua hili kupitia Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya Harden na Stephen Curry, na tangu siku ile kila alichofanya kilipimwa kwa namba ile mbili. Sikumbuki watu wakiuliza anaifaa vipi timu yake kwa dakika kumi anazopewa. Walichouliza ni kwa nini si nyota. Bei ya mchezaji na faida yake uwanjani ni mambo mawili, na ubishani mwingi huharibika kwa kuyachanganya.

Rudi kwa Biyombo. Majira ya joto ya 2016 fedha za mikataba mipya ya televisheni ziliingia NBA, kikomo cha mishahara kikapanda kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Toronto walimpa DeRozan milioni 139 kwa miaka mitano, hawakubaki na nafasi ya kumlipa Biyombo. Orlando Magic wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Msimu wake wa kwanza Orlando alicheza dakika 22 kwa mechi, akawa na wastani wa pointi 6 na ribaundi 7. Linganisha na Toronto: karibu ni mtu yule yule. Lakini Toronto walishinda mechi 56, Orlando 29, na watu wale wale waliomwimba Mei wakaanza kumwita mzigo.

Kilichobadilika ni watu waliomzunguka. Orlando tayari walikuwa na Nikola Vučević anayecheza katikati, na kiangazi hicho hicho wakamleta Serge Ibaka. Wachezaji watatu warefu wa chini ya ringi kwa nafasi mbili, na nje hakukuwa na Lowry wala DeRozan wa kutumia skrini zake. Ulinzi wake ulikuwepo, ila haukuwa na mtu wa kuufanya uzae pointi upande wa pili.

Miaka mitano na nusu baadaye, Januari 2022, akajiunga na Phoenix Suns kwa mkataba mdogo. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Biyombo akatoa mshahara wake wa msimu ule, zaidi ya dola milioni moja, kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba. Uwanjani alikuwa na Chris Paul wa kumpasia kila alipomaliza kuweka skrini na kugeuka kuelekea ringi, na alionekana tena mchezaji wa maana kwenye timu iliyoshinda mechi 64.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Biyombo alistahili milioni 72, jibu langu ni kwamba Toronto walifanya sawa kutozilipa na yeye alifanya sawa kuzipokea. Waliokosea ni Orlando, na ribaundi zake hazikuwa na shida. Walimnunua kabla ya kuangalia nani atasimama naye uwanjani. Na yule baba niliyemweka karibu na benchi, mwanawe sasa hivi tunamfundisha mtupo wa kona ya kushoto. Huo tu, kwa msimu huu.