Semina ya siku moja haiwatoshi wakunga

Ndugu, umeuliza kama ni bora kuwapeleka wakunga wa kituo chenu kwenye semina mjini au kuwafundishia kazini. Ushauri wangu ni kuwafundishia kazini, na sababu yangu kubwa inatoka Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Watafiti waliofuatilia mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua walibaini kwamba wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini utendaji wao kwa mtoto halisi haukubadilika. Ni baada ya hospitali kuanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza viliposhuka, kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Mpango uliokua kutokana na uzoefu huo ulifika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya mapema vya watoto wachanga vimepungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo yananipa matumaini makubwa, maana yamepatikana kwa wakunga wale wale, katika wodi zile zile zenye msongamano.

Tengeni basi dakika chache kila wiki, pengine wakati wa kupokezana zamu, mjizoeze pia kudhibiti damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua. Mganga mfawidhi naye ahakikishe kwamba ambu bagi, yaani mfuko wa kubana kwa mkono wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, na barakoa yake viko mezani, vikiwa safi, kabla mama hajaanza kusukuma.