Waanze na bidhaa moja na daftari moja

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa sekondari wanaweza kujifunza ujasiriamali kwa kuendesha duka dogo la mtandaoni. Wanaweza, nami nimeliona hapa Kisumu, ambapo wanafunzi wangu waliuza kupitia WhatsApp vikapu vya magugumaji walivyonunua kwa mafundi wa Dunga, kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria.

Somo kubwa lilitokana na kikapu kimoja. Walikinunua kwa shilingi 400, wakakiuza kwa 600 na kuandika ubaoni faida ya 200. Lakini tulipotoa shilingi 150 za kukituma Nakuru kwa basi, 30 za karatasi na kamba ya kufungia, pamoja na bando waliyotumia kutuma picha, darasa zima lilinyamaza, kwa sababu hapakubaki hata shilingi 20. Kisha kikapu kikafika mpini umekatika, mteja akadai fedha zake, na akiba haikuwapo. Ndipo walipoketi kupanga bei upya, safari hii kwa makini ambayo sijawahi kuipata kwa kufundisha kitabuni.

Nakushauri mtaji uwe kiasi ambacho shule iko tayari kukipoteza, na malipo ya M-Pesa yapokewe na mtu mzima aliyeteuliwa na shule, huku wanafunzi wawili wakilinganisha kila jioni jumbe za malipo na daftari. Picha za wanafunzi wenyewe zisitumike bila idhini ya wazazi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawalinda watoto katika jambo hilo.