Kazie yake haina neno, je, nimpe watoto?

Mama Direktrisi, jambo. Niko na garderi ndogo hapa Katuba, Lubumbashi, watoto 23, mkubwa wao ana miaka mitano. Nimepata kijana wa kufagia na kusindikiza watoto nyumbani saa kumi. Ametoka Likasi. Ameleta kazie judisieri, ile karatasi ya hukumu za mtu inayotolewa na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), haina hata neno moja, na barua nzuri ya shule aliyofanyia kazi. Lakini mama mmoja wa sokoni, naye wa Likasi, ameniambia kule walimwondoa kwa mambo ya watoto. Sitaki kumharibia mtoto wa watu maisha kwa maneno ya soko. Nifanye nini?
Mama wa garderi, Katuba

Mama, kazie inajibu swali moja tu: korti imemhukumu mtu huyu au hapana? Haimjui yule ambaye kesi yake ilifia njiani. Haimjui yule ambaye familia mbili zilikaa chini ya mwembe, zikahesabiana mbuzi na pesa, kisha wote wakanyamaza. Nawe unajua ni mangapi kwetu yanaishia hapo chini ya mwembe.

Tena si kwetu tu. Mwezi wa nane 2002, kule Soham, Uingereza, Ian Huntley, mtunza majengo wa shule, aliua wasichana wawili wa miaka kumi, Holly Wells na Jessica Chapman. Polisi wa mkoa alikotoka walikuwa wameletewa mashtaka juu yake mara kadhaa, ya wasichana wadogo, na hakuna hata moja lililoishia kwenye hukumu. Kazi akapewa. Leo ofisi yao iitwayo DBS, iliyoundwa 2012, hutoa cheti cha watu wa kazi za watoto na watu wazima wasiojiweza ambacho kinaweza kubeba hata habari za polisi zisizofika kortini. Wewe huko Katuba una simu na miguu yako.

Sasa hiyo barua nzuri. Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nilipokuwa mkuu wa shule, mwalimu mmoja alikuwa akibaki na wasichana darasani baada ya kengele. Wazazi wakanung'unika, wakapatana naye, mimi nikataka tu aondoke kabla ya mitihani. Nikamwandikia barua: anafika mapema, anajua hesabu, daftari zake safi. Yote kweli tupu! Miaka miwili baadaye nikakutana na mkuu wa shule iliyompokea. Akanisalimu kwa ubaridi, akasema, "Barua yako niliisoma, mama." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo usiisome barua, mpigie aliyeiandika. Namba usiiombe kwa kijana. Itafute mwenyewe, au panda basi uende Likasi. Usimuulize kama ni mfanyakazi mzuri. Muulize: "Aliondoka kwa nini? Ungempa tena watoto wako awasindikize?" Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akianza kukusifia jinsi kijana anavyofagia, umeshajibiwa.

Mama wa sokoni naye, muulize: aliona mwenyewe au alisikia? Kwa nani? Pengine kijana ana deni lake la maharage tu. Na kijana umwite, umweleze ulichosikia bila kumtaja mama huyo, umpe nafasi ya kusema.

Wakati unangoja majibu, afagie asubuhi kabla watoto hawajafika. Jioni watoto wachukuliwe na wazazi, au uwasindikize wewe na mwenzako. Hata akitoka safi, watoto wasiende na mtu mzima mmoja, awe yeye, awe shemeji yako.

Na ikiwa Likasi watakwambia kuna mtoto aliyeumizwa, hapo hakuna tena shauri la kuajiri au kutoajiri. Sheria yetu ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Nenda parke ileile iliyotoa kazie, wakati huu uwe wewe unayewapa habari.