Funguo za mradi zisikae mfuko mmoja

SWALI: Dada, shikamoo. Tuko vijana 15 hapa Dodoma, tunatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo kuweka kumbukumbu: nani kavuna kilo ngapi, kamuuzia nani, kalipwa lini. Tumekubaliana iwe programu huria, atakayeitaka aichukue na kuiboresha. Hadi sasa msimbo (code) wa programu tunatumiana kwa faili la zipu kwenye WhatsApp, na wiki iliyopita wawili wetu walifuta kazi ya wenzao bila kujua. Mmoja anataka twende GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Mwingine anasema tukodi seva yetu tusimtegemee mtu. Wa tatu anataka tuhamie Telegram. Tunachanga shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi. Tushike lipi?
Msomaji, Makulu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zipu iacheni leo hii, kabla hamjabishana kuhusu mengine. Hamieni Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ili mtu asifute kazi ya mwenzake bila kujua. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huria wa kompyuta wa Linux, aliianza mwaka 2005, baada ya watu wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu ya kampuni waliyokuwa wameizoea. Kwa hiyo imezaliwa na shida ya kumtegemea mtu, na kila mwenye nakala anakuwa na historia nzima ya mradi, tangu mstari wa kwanza. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, mimi niliendelea kuandika na kuhifadhi kazi yangu kwenye laptopu kama kawaida. Mtandao uliporudi, nikaipeleka yote kwa mkupuo mmoja.

Wapo pia wenzenu wa vijijini ambao bando ni la kuhesabu. Amri ya git bundle inafunga mradi mzima na historia yake ndani ya faili moja. Mnaliweka kwenye flashi, mnampa kijana anayepanda basi la Kondoa, na mwenzenu wa huko analifungua kama vile amelivuta mtandaoni. Nimefanya hivyo mara nyingi, linafanya kazi vizuri sana.

Sasa ghala, yaani nakala kuu ya mradi mnayoitumia wote, likae wapi. Kuhusu seva yenu wenyewe, nitakusimulia yaliyotupata. Kikundi chetu cha kwanza kilikuwa na programu ya maktaba za shule, na seva tuliikodi kwa kadi ya benki ya mwenzetu mmoja. Akapata kazi Mtwara, akabadilisha laini, kadi ikaisha muda. Barua pepe za kukumbusha malipo zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Asubuhi moja nipo nyumbani Nkuhungu, chai mezani, nafungua ukurasa wetu nakuta umesimamishwa. Tulipompata yule mwenzetu, kila kitu kilikuwa kimeshafutwa. Msimbo ulipona kwa sababu watatu wetu tulikuwa na nakala za Git. Lakini taarifa zote za hitilafu walizotuandikia walimu, pamoja na mijadala ya kwa nini tuliamua hivi na si vile, hazikuwa popote pengine. Tulikaa wikiendi nzima na kaunta buku, tukiandika kwa kalamu tulichokumbuka. Kurasa sita tu. Mpaka leo inaniuma.

Mchango wenu wa 30,000 kwa mwezi unatosha kabisa kukodi seva ndogo, maana ya nje ya nchi hupatikana kwa kama dola 5 kwa mwezi. Ila hautoshi kumlipa mtu wa kuisasisha, kuchukua nakala za akiba na kuamka ikizima. Msiikodi mwaka huu.

GitHub ina faida kubwa moja: watu wako huko. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) atakayetaka kuwasaidia huenda ana akaunti tayari. Lakini ni mali ya Microsoft, iliyoinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na inafuata sheria za Marekani. Mwaka 2019 watengeneza programu wa Iran na Syria walizuiwa baadhi ya huduma zake kwa sababu ya vikwazo. Ukubwa wa kampuni nao hauzuii mlango kufungwa: Google ilikuwa na huduma yake ya kuhifadhi miradi, Google Code, ikaifunga moja kwa moja mwaka 2016.

Mimi ningeweka nyumba kuu Codeberg, tovuti nyingine ya kuhifadhi miradi ya Git. Inaendeshwa na chama cha wanachama kilichosajiliwa Berlin, haitozi ada, na inapokea miradi huria tu. Programu inayoiendesha, Forgejo, nayo ni huria, na inatosheka na mashine ndogo. Siku mkipata nguvu za kuwa na seva yenu, mtaiweka hiyo hiyo na kuhamisha ghala pamoja na taarifa za hitilafu. Kisha wekeni kioo GitHub, yaani nakala inayojisasisha yenyewe, ili wapita njia wawaone.

Funguo zishikwe na watu watatu, na angalau mmoja asiwe mwanzilishi. Nasema akaunti, barua pepe ya kikundi, na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yenu. Mkichukua jina la .or.tz, sehemu ya mchango iende huko, na tarehe ya kulihuisha iwe kwenye simu za wote watatu.

Telegram haitawatibu. Tatizo la WhatsApp ni kwamba jambo la Jumatatu linazikwa na salamu za Jumanne, na Telegram nako litazikwa vilevile. Libakizeni kundi kwa salamu na kupanga vikao, lakini uamuzi wowote uandikwe ghalani siku hiyo hiyo, hata mistari miwili. Mkizidi kukua, jaribuni Zulip, programu ya mazungumzo ya vikundi: mazungumzo yake hupangwa kwa mada, na jumuiya za programu huria hupewa bila malipo.

Leseni, yaani maandishi ya ruhusa ya kutumia msimbo wenu, msisahau. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni bado si huria kisheria. Mkitaka watakaouboresha na kuusambaza nao wauache wazi, chukueni leseni iitwayo GPL. Kama hamjali hilo, leseni ya MIT inatosha.

Na hili nakuomba ulisome kikaoni kwa sauti. Msimbo ni kitu kimoja, taarifa za wakulima ni kingine. Jina la mzee wa Mpunguzi, namba yake ya simu na kiasi alicholipwa visiingie ghalani hata siku moja, hata kwa majaribio. Historia ya Git haisahau, ukifuta leo jana bado ipo. Kwa majaribio tungeni majina. Kwa taarifa za kweli ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Isomeni, mjue wajibu wenu wa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla hamjamwandikisha mkulima wa kwanza.

SWALI: Mama, maelezo ya mradi wetu huria tuyaandike kwa Kiswahili au Kiingereza?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Anzeni na Kiswahili, mwanangu, kwa sababu watumiaji wenu wako Manyoni. Ukurasa wa mwanzo na namna ya kusakinisha viwe pia kwa Kiingereza, fundi wa mbali asikwame. Maneno ya ndani ya programu yatafsirini kwa Weblate, tovuti ya kutafsiri programu, ambayo kwa miradi huria ni bure. Tena mtafsiri hahitaji kujua Git: anafungua ukurasa, anaona sentensi, anaandika tafsiri yake. Nimemwona mwalimu mstaafu akitafsiri sentensi arobaini jioni moja akiwa na simu tu, na tatu kati ya hizo zilinifundisha Kiswahili.